Nusu Sentimita

Jumapili, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zimejaa mabega na viuno vya watu, nyuma kumebaki karatasi tupu za kutosha msimu mzima wa mvua, basi nimeligeuza na kuanza upya. Nataka kuandika kila safari ya baiskeli, nijue mwili wa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja unajifunzaje mbio. Mume wangu anasema udadisi wangu hauna dawa. Sikatai.

Leo baiskeli zetu zimekamilika. Zilikuwa kuukuu mbili. Moja niliipata kwa fundi baiskeli aliye jirani na duka langu la ushonaji, nyingine ilikuwa inaota kutu nyuma ya wodi anayofanya kazi wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ni muuguzi. Hakuna iliyokuwa nzima. Tulizifungua hadi gololi ya mwisho, tukaosha kila kitu kwa mafuta ya taa ndani ya beseni moja, tukajenga upya: fremu ndogo yangu, fremu kubwa yake. Wifi alishughulikia magurudumu na breki. Mimi nilipanga mikono ya pedali, vile vyuma vinavyobeba pedali, kwa kuwa mimi ndiye mwenye jicho la vipimo, na hilo nililisema si chini ya mara tatu. Mikono ilikuwa minne, yote myeusi. Nikaitazama, nikatoa wa kulia na wa kushoto kwa kila mtu.

"Ukimaliza kujisifu nipitishie spana," wifi akasema.

Mbio ni tarehe 19 Mei, kilomita tisini, wawili wawili. Saa husimama gurudumu la mtu wa pili linapovuka mstari, kwa hiyo ushujaa wa mmoja haumsaidii mtu. Mwaka jana wifi alikimbia na Mhasibu, mwanamke mrefu wa chama chetu cha baiskeli ambaye sijawahi kumwona akihema, wakawa wa tano. Mimi niligawa maji. Mwaka huu amenichagua mimi. Sijamuuliza sababu, nisije nikamfanya afikirie vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Mvua kutwa. Sare kumi na mbili za shule. Sikupanda.

Jumapili, 10 Machi

Kilomita arobaini. Nimegundua kwamba ukikaa shubiri mbili nyuma ya gurudumu la mwenzako, upepo unakwisha ghafla, kana kwamba mtu kafunga dirisha. Ukirudi nyuma kidogo tu, dirisha linafunguka. Nimecheza mchezo huo njia nzima, naingia, natoka, mpaka wifi akageuka.

"Wewe wifi, unanifuata au unanichunguza?"

"Vyote."

"Basi kaa mbele na mimi nikuchunguze. Unapumua kama cherehani ya mguu."

"Na wewe unanuka dawa ya kudekia wodi."

Tulicheka mpaka kwenye daraja. Sijacheka hivyo nikifanya jambo gumu tangu niolewe.

Alhamisi, 14 Machi

Goti la kulia limeuma kidogo nikipanda ngazi za duka. Labda ni kukaa.

Jumapili, 17 Machi

Kilomita hamsini na tano. Goti tena, kwa ndani, kuanzia kama kilomita ya thelathini. Sikumwambia wifi. Nilisema nimesimama kukaza kamba ya kiatu. Nimekaza kamba hiyo mara nne.

Jumatano, 20 Machi

Nimefanya jaribio. Siti juu kidogo: goti linauma. Siti chini: linauma zaidi. Siti nyuma: linauma vilevile, na sasa na mgongo. Mume wangu kaniona nimeshika spana kabla ya chai akauliza kama nimeolewa na yeye au na hiyo baiskeli. Nikamwambia baiskeli inajibu nikiiuliza.

Si kweli. Haijanijibu.

Jumapili, 24 Machi

Mvua ilitukuta katikati ya njia, tukasimama chini ya paa la kituo cha mafuta. Wifi alikaa juu ya kreti tupu, mguu wa kushoto kaunyoosha mbele, anaukandakanda. Nikamuuliza vipi.

"Mguu umekufa ganzi, basi. Wewe vipi?"

"Mimi mzima."

Nimeandika hili kwa sababu niliona wifi alivyojibu haraka.

Jumapili, 31 Machi

Wifi hakuja. Zamu, anasema. Nilikwenda peke yangu kilomita sitini na nikarudi nikichechemea. Kabla ya kuingia nyumbani nilitembea kidogo nje ya ukuta ili mume wangu asione. Ananiambia kila kitu anachoambiwa na dada yake, kwa hiyo lazima na wifi anaambiwa kila kitu changu. Wifi akijua nina goti bovu atamrudia Mhasibu, na mimi nitarudi kugawa maji. Najua ni wazo la kitoto. Ndilo nililonalo.

Jumapili, 7 Aprili

Kilomita sabini, mwendo wa bibi harusi. Kila mlima wifi alikuwa nyuma yangu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mara kachoka, mara kala vibaya, mara upepo. Nilianza kuhesabu visingizio vyake jinsi ninavyohesabu vifungo. Saba.

Nashangaa mtu anaweza kuchoka na mwenzake taratibu hivyo, bila ugomvi.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimempelekea mteja gauni, na nilipopita mbele ya banda la fundi baiskeli nikamwona wifi amesimama na Mhasibu. Hawakuniona. Wifi alikuwa anaongea kwa chini, kamshika Mhasibu mkono kama mtu anayeomba jambo. Mhasibu akatikisa kichwa, kisha akakubali, au nilivyoona mimi alikubali.

Gauni nimelifikisha likiwa limekunjamana. Roho imeniuma kuliko goti.

Ijumaa, 12 Aprili

Hakuna cha kuandika. Vifungo.

Jumapili, 14 Aprili

Hatukwenda. Yeye zamu, mimi mafua. Mafua sina.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimekwenda kwa tabibu wa viungo, kliniki ya upande wa pili wa mji, mbali na hospitali ya wifi. Nilishakata shauri kwamba mguu wangu mmoja ni mfupi. Nimepima miguu ya suruali za watu miaka kumi na tisa, najua watu wengi wamepinda. Tabibu alinilaza, akapima toka nyonga hadi kifundo, kulia, kushoto, akarudia.

"Sawasawa," akasema. "Mpaka milimita. Una miguu ya kuonyesha wanafunzi."

Badala ya kufurahi nikakasirika. Kama si miguu, ni nini? Akaniuliza ninafanya nini na miguu hiyo mizuri. Nikamwambia. Akasema: "Basi mimi nimeshapima upande wangu. Nenda kapime upande wa pili."

Nimerudi nikiwaza maneno hayo njia nzima.

Jumanne, 16 Aprili

Nimefunga duka mapema, nikaisimamisha baiskeli juu ya meza ya kukatia. Nikaanza na viatu: soli sawa. Siti: nimening'iniza uzi wenye mkasi mwishoni, iko katikati. Pedali: unene sawa. Nikabaki na mikono ya pedali, ambayo sikuwa nimefikiria kuipima hata siku moja, kwa sababu nani anapima vitu vilivyo pacha?

Nikaweka utepe toka katikati ya ekseli hadi katikati ya tundu la pedali. Kushoto, sentimita kumi na saba. Kulia, kumi na saba na nusu.

Nilipima tena. Kisha nikachukua utepe mpya, maana utepe wa zamani huvutika. Nusu sentimita. Nikafuta grisi upande wa nyuma, ule usioonekana mtu akipanda, na pale pakawa na tarakimu zimechongwa kwenye chuma: 170 huku, 175 huku. Ziko pale tangu kiwandani, zinamsubiri mtu mwenye jicho la vipimo.

Nusu sentimita kwenye kola ni aibu. Mimi nimeizungusha kwenye goti langu, kwa hesabu ya haraka, zaidi ya mara elfu hamsini.

Nilicheka peke yangu, nikapiga makofi, kwa furaha ya kujua. Nilikuwa bado nacheka nilipofikia hesabu ya pili. Mikono ilikuwa minne, kutoka baiskeli mbili. Kama wangu ni mmoja mfupi wa kushoto na mmoja mrefu wa kulia, basi iliyobaki ni mmoja mfupi wa kulia na mmoja mrefu wa kushoto.

Wifi. Mguu wa kushoto. Kwenye kreti.

Nimekaa sakafuni juu ya vipande vya vitambaa mpaka mteja alipobisha.

Jumatano, 17 Aprili

Nilimpelekea fundi baiskeli yangu. Aliigeuza, akasoma tarakimu, akaniangalia, akamwita mkewe aje asikie.

"Mshonaji mzima! Umejishonea suruali ya mguu mmoja mrefu, ukaivaa mwezi mzima na nusu!"

Nikamwacha acheke, ni haki yake. Akanipa mkono wa kushoto wa 175 kwenye kopo la vyuma vyake, wa kuazima. Dakika kumi, kazi imekwisha.

"Na wa wifi yako?" akauliza.

"Nitamwambia."

Alhamisi, 18 Aprili

Sijamwambia.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimejaribu kuandika kwa nini, na sababu ya kwanza ni aibu: mimi ndiye niliyegawa, nikajisifu mara tatu. Ya pili ni mbaya zaidi. Kama ameshakubaliana na Mhasibu, kwa nini niharakishe kumponya goti? Nimeandika sentensi hiyo kwa mkono wangu na nimeisoma. Sikujua ninayo ndani.

Jumapili, 21 Aprili

Kilomita themanini. Sasa pedali zangu ziko sawa, na jambo la ajabu ni kwamba nilijiona nimepinda. Mwili ulishazoea ukombo wake. Kilomita ishirini za kwanza nilihisi kama mtu aliyevalishwa nyonga ya mwenzake. Halafu kitu kikakubali, na goti likanyamaza. Nilipanda mlima wa kwanza nikiwa nimekaa, bila kusimama, na nilifurahi kiasi cha kusahau kugeuka.

Nilipogeuka wifi hakuwepo.

Nilimsubiri juu. Akaja, kijivu usoni, anasukuma kwa mguu mmoja zaidi ya mwingine. Nilikuwa namwona waziwazi sasa, kila mzunguko, goti la kushoto likipanda juu kupita kiasi. Ningeweza kusema pale. Ningesema maneno manne tu. Nikasema, "Tutelemke polepole."

Kwenye mteremko, alipoanza kukanyaga tena chini, alipiga ukelele mfupi. Akafunga breki, akashuka, akakaa kwenye majani ya pembeni, goti kalikumbatia. Muuguzi huyu ambaye huwaona watu waliovunjika mifupa bila kupepesa, alikuwa analia kwa hasira.

"Nimezeeka, wifi," akasema. "Nimekwisha. Nilitaka kukuambia."

Na mimi nikampigia kaka yake simu aje na gari. Hata hapo sikusema.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimesema.

Nilimkuta kwenye kochi, kitambaa cha barafu juu ya goti. Nilitoa utepe, nikaomba kupima baiskeli yake iliyokuwa imeegemea ukuta wa sebule. Akaniruhusu, anadhani ni udadisi wangu wa kawaida. Kulia kumi na saba. Kushoto kumi na saba na nusu. Nikamwonyesha tarakimu kwa nyuma. Nikamweleza kuhusu beseni, kuhusu goti langu, kuhusu tabibu, yote kwa mkupuo.

Mwanzo uso wake ulifunguka. Nilimwona akielewa kwamba hajazeeka. Halafu ukafungika.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne iliyopita? Leo ni Jumatatu." Akahesabu kwa vidole, moja moja, jinsi anavyohesabu mapigo ya mgonjwa. "Siku sita. Kwa hiyo jana nilipokuwa napanda ule mlima, ulikuwa unanitazama ukijua."

"Ndiyo."

"Na yako umeshaitengeneza."

"Ndiyo."

"Kwa nini, wifi?"

Nikamwambia nilimwona na Mhasibu. Usoni mwake sikuona hasira, niliona mshangao.

"Nilikuwa namwomba akimbie na wewe," akasema. "Nilijua goti langu litakuharibia. Alikataa, nikambembeleza, akasema atafikiria. Wewe mwaka mzima unaimba mbio hizi. Nilitaka upate mtu mwenye miguu mizima."

Sikuwa na pa kuweka uso.

"Nenda nyumbani, wifi," akasema. "Sina hamu ya kukuona leo."

Jumanne, 23 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeuchukua ule mkono mfupi, wa 170, ulio haki yake, nikaufunga kwenye kitambaa safi, nikampa mume wangu ampelekee dada yake.

"Msiniweke katikati," akasema.

"Uko katikati toka siku uliyonioa. Chukua."

Alirudi na kitambaa kilekile, ndani yake mkono mrefu wa kushoto, wa kwangu. Hakuna ujumbe. Lakini chuma kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa, hadi ndani ya tundu la skrubu. Nimekigeuzageuza kuanzia chakula cha jioni. Je, mtu husugua kitu cha mtu anayemchukia? Au muuguzi husugua kila kitu?

Nilimuuliza mume wangu alikuwa na uso gani. Akasema, "Uso wake."

Jumanne, 30 Aprili

Leo orodha ya majina imefungwa. Nilikwenda kuisoma kwenye ubao wa chama nikiwa nimejiandaa kuona mstari umepigwa juu ya jina langu. Majina yetu yapo, namba ishirini na mbili, mwandiko wa wifi. Hakuna aliyeyagusa.

Mhasibu alikuwa pale. Nilimchukia siku kumi na moja bure, na hajui. Akaniambia goti la wifi linahitaji siku kumi za kupumzika halafu taratibu, na kwamba yeye mwenyewe alikaa nje mwaka juzi mzima kwa sababu ya mgongo, alikuwa anaogopa kusema. Basi hata yeye. Niliitazama miguu yake mirefu na kwa mara ya kwanza niliona anachechemea kidogo.

Jumapili, 5 Mei

Kilomita themanini peke yangu. Dirisha la upepo limekaa wazi njia nzima.

Jumapili, 12 Mei

Peke yangu tena. Mume wangu anasema dada yake ameanza kuzunguka uwanja wa hospitali na baiskeli, nusu saa, halafu saa. Nilimuuliza kama amenitaja. Akasema, "Kauliza kama bado unapumua kama cherehani." Akakataa kuniambia alisema kwa sauti gani.

Ijumaa, 17 Mei

Sare, sare, sare. Nimeshona mfuko mmoja ndani nje.

Jumapili, 19 Mei

Alikuwepo.

Nilifika mstari wa kuanzia saa moja kasoro, lami bado imelowa, nikamkuta amesimama chini ya namba ishirini na mbili, helmeti kichwani, anakula ndizi.

"Shikamoo" ningemwambia kama ingefaa. Nikasema, "Umekuja."

"Nimekuja kwenye mbio," akasema. "Wewe sijakusamehe. Usichanganye."

"Sichanganyi."

"Pima."

Alikuwa ameileta baiskeli yake mbele yangu. Nikatoa utepe mfukoni, mbele ya watu wote wale, nikapiga magoti kwenye maji, nikapima. Kumi na saba. Kumi na saba. Akaitikia kwa kichwa.

Kilomita hamsini za kwanza hatukusemezana. Tulibadilishana tu mbele na nyuma, yeye akinyanyua kiwiko kunionya kuhusu mashimo, mimi vilevile. Tulikuwa tunakwenda vizuri kuliko nilivyoota. Nilihesabu jozi zilizokuwa mbele na zilikuwa saba. Wa nane! Goti langu kimya. Nilianza kufikiria wa sita, wa tano. Mhasibu na mwenzake walikuwa mbele kidogo, niliiona jezi yake kwenye kona.

Baada ya kilomita ya sitini mlima ulianza, na nikasikia nyuma yangu:

"Wifi! Linauma."

Hakupaza sauti sana. Katika msimu huu wote, katika kilomita zote zile, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia mwenzake neno hilo. Niliacha kukanyaga, nikamngoja awe ubavuni.

"Wapi?"

"Chini ya kifuniko cha goti. Kushoto."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kupunguza gia. Si kiasi cha kushuka."

"Nikikuambia tuache?"

"Nitakupiga na pampu."

Tukapunguza gia. Jozi ya tisa ikatupita, ya kumi, ya kumi na tano. Niliziona zikipita na sikujali, na hili nalisema kwa sababu najijua, kwa kawaida ningejali. Kila baada ya dakika chache niliuliza, "Sasa?" na yeye akajibu: "Vilevile." "Limepungua." "Limerudi." "Wewe?" Nikamwambia langu limeanza kunong'ona. "Punguza na wewe, basi, unangoja nini?" Tulikwenda hivyo kilomita thelathini, tukitangaziana magoti kama wazee kwenye foleni ya dawa, na karibu na mwisho akaanza kunitania kuhusu suruali ya mguu mmoja mrefu. Fundi alikuwa ameshamwambia. Mji mzima unajua.

Hatukukimbilia mstari. Tulivuka bega kwa bega, mkono wake mmoja mgongoni mwangu. Karani wa mbio alikuwa amekaa mezani chini ya mwavuli, kalamu mkononi.

"Ishirini na mbili. Mmekuwa wa ishirini na sita. Sikuona vizuri, nani kati yenu amevuka wa pili?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," wifi akasema, sauti moja na yangu.

Karani akatutazama, akaandika jina la wifi. Wifi akanicheka mpaka tulipofika kwenye meza ya maji, akakaa chini, akanyoosha mguu, akaniambia nimshikie hapo, pole pole, hapo hapo panapouma.